Nakala Kabla ya Safari: Funzo la Njia ya Tabora kwa Istilahi za Utunzaji wa Seva

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ya kiofisi yanayoletwa kwetu ili yasanifiwe, miongozo ya utunzaji wa seva imeongezeka sana katika miaka hii ya karibuni. Seva, kwa wasomaji wasioijua bado, ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine za ofisi: ndani yake huwekwa orodha za watumishi, hesabu za malipo, majalada ya ardhi, matokeo ya mitihani na kadhalika. Kila seva huendeshwa na mfumo endeshi, na mfumo huo hauna budi kusasishwa mara kwa mara ili kuziba nyufa ambazo wezi na waharibifu wangeweza kuzipenya. Masasisho mengi hayakamiliki mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Papo hapo, mashine hiyo hiyo hudaiwa itoe nakala ya akiba ya vyote vilivyomo.

Kazi hizi tatu, yaani kunakili, kusasisha na kuwasha upya, hufanywa usiku, wakati ofisi zimefungwa, na kwa kuwa hufanywa usiku mmoja ni rahisi zikagongana. Swali la ipi itangulie ni la fundi. Lakini fundi husoma mwongozo, na mwongozo hufasiriwa na watu kama sisi. Kwa hiyo swali hilo ni letu pia.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni ya kutanguliza nakala kabla ya mageuzi si ngeni katika nchi hii. Ilifuatwa katika njia ya zamani ya misafara, huko Unyanyembe, zaidi ya miaka 150 iliyopita, na historia yake yaweza kutusaidia kuchagua maneno yatakayomwongoza fundi badala ya kumpoteza.

Kwihara, Machi 1872

Njia ya misafara ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikavuka nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Tabora, ambayo wageni wa kwanza waliiita Kazeh. Kutoka Tabora iliendelea magharibi hadi Malagarasi na Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Tabora ilikuwa njia panda na ghala kuu: hapo mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa na kufungwa upya, hapo wapagazi wa pwani waliagana na msafara, na wengine, hasa Wanyamwezi, wakaajiriwa.

Njia hii haikuwa salama kwa karatasi. David Livingstone alipokuwa Ujiji mwaka 1869 aliandika barua nyingi na kuzikabidhi ziende pwani kwa mikono ya wasafiri. Nyingi kati ya hizo hazikufika. Hata mzigo wa barua zilizoandikiwa yeye, ulioandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870, ulikuwa bado Unyanyembe Henry Stanley alipopita huko mwaka 1871. Mwaka huo vita kati ya Mirambo wa Urambo na wafanya biashara Waarabu wa Tabora viliifunga barabara ya Ujiji, na Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini.

Livingstone naye, alipokuwa Manyema, aliishiwa na karatasi na wino. Alifunga vipande vya magazeti ya zamani, akaandika juu ya maandishi yaliyopigwa chapa kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya huko. Ni katika karatasi hizo alimoandika habari za mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Baadaye alizinakili habari za safari yake katika daftari moja kubwa, ambalo wanahistoria huliita Daftari la Unyanyembe.

Yeye na Stanley waliwasili Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Februari 1872. Livingstone alikuwa ameazimia kurudi bara kutafuta chemchemi za Nile, safari ambayo hakujua kama atarudi kutoka huko. Kabla ya kuianza, alilifunga daftari lile, akalipiga mihuri mitano, akaagiza lisifunguliwe njiani, akalikabidhi kwa Stanley. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi 1872, akafika Bagamoyo tarehe 6 Mei, na daftari likafika Uingereza mwaka huo huo. Livingstone alibaki Kwihara akingoja wapagazi. Watu 57 waliotumwa kwake kutoka pwani walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 mwezi huo akashika njia ya kusini magharibi.

Tuutazame mpango huu kwa jicho la mtunza seva. Nakala ilifanywa kabla ya mageuzi. Ilitengwa na asili yake: moja ilikwenda mashariki kwa mkono mwingine, na mwenye kuandika akaenda kusini magharibi. Ilifungwa ili isiguswe. Na safari ya hatari haikuanza mpaka nakala ilipokwisha kuondoka.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, aliandika orodha ya vitu vyote vilivyobaki. Kisha Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili pamoja na masanduku hadi Tabora, walikofika Oktoba mwaka huo. Huko walikutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike marehemu papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwaka huo huo Horace Waller alipolihariri chapisho la habari za mwisho za Livingstone, alikuwa na daftari lililotangulia pamoja na madaftari yaliyoletwa na wapagazi. Hatuna budi kukumbuka kwamba sifa ya kuyafikisha maandishi hayo ni ya watu waliotembea kwa miguu, wakiwa na orodha mkononi na mzigo begani.

Jambo moja zaidi linafaa kuangaliwa. Maandishi ya Manyema yaliyoandikwa juu ya magazeti yalififia hata yakawa karibu hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma tena kwa kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na ikadhihirika kwamba daftari la Unyanyembe halikulingana nayo kwa kila neno: mwandishi alikuwa ameyapunguza na kuyarekebisha mambo alipokuwa akinakili. Basi nakala yaweza kufika salama na bado isiwe sawa na asili. Asiyelinganisha hawezi kujua.

Msamiati wa njia

Lugha ya misafara ilikuwa na istilahi zake, na baadhi tunazitumia hata leo kwa maana nyingine. Mtumba ulikuwa furushi la mpagazi. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa. Hongo ilikuwa ada iliyolipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake. Leo ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Leo ni fedha za mtumishi aliye safarini. Maneno haya yanatufundisha kwamba istilahi huhama pamoja na kazi, na kwamba neno likihama bila kuelezwa, watu wawili hulitumia wakidhani wanaelewana.

Kulikuwapo pia mwendo wa alasiri, ambao wasafiri wa wakati ule waliuandika kwa namna mbalimbali, tirikeza au terekeza. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya adhuhuri. Lakini pale palipokuwa na nyika isiyo na maji, watu walipumzika mchana, wakapika, wakajaza vibuyu, ndipo wakaondoka alasiri, wakalala mahali pakavu, wakawahi maji asubuhi yake. Utaratibu ulikuwa mmoja usiobadilishwa: vibuyu hujazwa kabla ya kuondoka. Aliyesahau hakupata nafasi ya pili katikati ya Mgunda Mkali.

Mashine na usiku wake

Kompyuta ziliingia nchini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, katazo ambalo baadaye lililegezwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka. Ofisi nyingi zilihamia kwenye mashine ndani ya muda mfupi, na maneno yakawa yanazikimbilia mashine kwa nyuma.

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi kazi za usiku zinavyogongana. Kwanza, mashine ikiwashwa upya wakati nakala inafanywa, nakala hukatika katikati na haifai kitu. Pili, masasisho yakiisha kuwekwa huku mashine ikingoja kuwashwa upya, nakala inayochukuliwa wakati huo hubeba mfumo ulio nusu wa zamani na nusu mpya. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, sasisho likiharibu mashine kisha nakala ikafanywa baada yake, nakala hiyo ni ya uharibifu. Na ikiwa imewekwa juu ya ile ya jana, nzima imefutwa na mbovu.

Wala tusidhani kwamba sasisho baya ni jambo la nadra kiasi cha kutosumbua. Tarehe 19 Julai 2024, yapata saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilizifikia kompyuta zenye mfumo wa Windows pote duniani, na nyingi zikawa haziwezi tena kuwaka. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki viwanjani na hospitali zikarudia karatasi.

Kosa letu wenyewe

Tunaona ni haki kutoa mfano uliotugusa. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado tukifasiri kwa malipo ya ukurasa, tulipewa mwongozo wa seva wa ofisi moja katika mji mmoja wa njia hiyo ya magharibi. Maandishi ya asili yalitumia saa za mtindo wa tarakimu 24. Nakala ilipangwa kufanywa saa 22:00, na masasisho pamoja na kuwasha upya saa 02:00. Ya kwanza tuliiandika sawasawa, saa 4 usiku. Ya pili, kwa haraka na uchovu, tuliiandika saa 2 usiku.

Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba saa zetu huhesabiwa tangu macheo na machweo, na kwamba 02:00 ni saa 8 usiku. Sisi pia tulijua. Lakini jicho liliona tarakimu 2 na mkono ukaandika 2. Fundi, ambaye hakuwa na sababu ya kututilia shaka, alipanga mashine kama alivyosoma. Tangu siku hiyo seva ikawa inasasishwa na kuwashwa upya saa mbili kabla ya nakala badala ya saa nne baada yake.

Kwa miezi mingi hapakutokea neno, kwa kuwa masasisho yalikwenda salama. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya sasisho. Uliporudi, mashine iliwaka, ila faili za kumbukumbu zilikuwa zimeharibika. Saa 4 usiku nakala ikafanywa kama ilivyoamriwa, na kwa kuwa diski ya akiba ilikuwa na nafasi ya nakala moja tu, ile mbovu ikakaa mahali pa ile nzima. Asubuhi ofisi ilikuwa na nakala mbili za kitu kilichoharibika.

Mengi yaliandikwa upya kutoka kwenye karatasi. Yasiyokuwa na karatasi ni mahudhurio ya vibarua ya wiki kadhaa, ambayo yalikuwa yakiingizwa moja kwa moja katika mashine. Watu wale walifanya kazi, na jua lao la kuchwa lilihesabiwa, lakini hesabu ilipotea. Walilipwa kwa kukadiria, wengine pungufu ya haki yao, nao hawakuwa na hati ya kuonyesha. Hatujui nafsi zetu zingesemaje kama tungeitwa kueleza mbele yao kwamba sababu ilikuwa tarakimu moja.

Ni kweli kwamba ofisi ilistahili kuweka zaidi ya nakala moja, na kwamba fundi angaliweza kuuliza. Hata hivyo mwongozo ulipita mikononi mwetu kwanza.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali.

La kwanza ni juu ya nakala. Neno nakala pekee halitoshi, maana kila kilichonakiliwa ni nakala. Yapo majina kadhaa yanayotumika: nakala rudufu, hifadhi rudufu, nakala ya akiba na chelezo. Neno chelezo lina mvuto wake. Kitenzi cheleza ni cha ukoo wa kucha na chelewa, nacho hueleza kukiweka kitu usiku hadi asubuhi yake, jambo ambalo ndilo hasa seva hufanya. Lakini chelezo cha wavuvi, yaani boya, ni cha ukoo wa elea, na msomaji wa pwani hukiwaza hicho kwanza. Sisi twapendelea nakala ya akiba katika miongozo ya watu wote, kwa kuwa akiba humweleza hata asiye fundi kwamba kitu kimewekwa kwa ajili ya siku ya shida. Litenganishwe na nakala pacha, ambayo hubadilika papo hapo asili inapobadilika. Nakala pacha hufuata asili hata katika uharibifu, na mwenye pacha pekee hana akiba.

La pili ni juu ya kuwasha upya. Baadhi ya miongozo huandika kuanzisha upya. Neno hilo lina hatari, kwa sababu laweza kufahamika kuwa ni kufuta yote na kuanza kama mashine mpya. Kitendo cha kuzima na kuwasha kiitwe kuwasha upya. Kitendo cha kuirudisha mashine katika hali yake ya kwanza kiitwe kwa maelezo kamili, pamoja na onyo. Hali kadhalika, kusasisha, lililotokana na sasa, lisichanganywe na kuboresha: la kwanza ni kutia viraka katika toleo lile lile, la pili ni kuhamia toleo jingine.

La tatu ni juu ya saa na siku. Katika miongozo ya mashine ziandikwe saa za namna zote mbili, mathalan: saa 8 usiku (02:00). Fundi akiona zimepingana atajua kwamba pana kosa. Tena, tusiandike usiku wa Jumanne. Kwa desturi ya wazee wengi, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumanne ni ule uliotangulia mchana wa Jumanne. Kwa wengine ni ule unaoufuata. Jambo hili si dogo. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imekuwa ikitoa masasisho yake ya kila mwezi siku ya Jumanne ya pili, na kwetu huwa ni saa 2 au saa 3 usiku. Seva itakayowashwa upya saa 8 ya usiku huo itakuwa imekwisha kuingia Jumatano kwa kalenda ya mashine. Neno lisilo na shaka tunalo: usiku wa kuamkia Jumatano.

La nne ni juu ya mpangilio. Kiswahili kina viunganishi vizuri vya kufuatanisha matendo, na mfasiri asione haya kuvitumia. Mahali pa kuandika kwamba nakala na masasisho hufanywa usiku, iandikwe hivi: Chukua nakala ya akiba. Ipeleke mahali pengine. Ifungue uone kama inasomeka. Ukiridhika, ndipo usasishe; ukiisha kusasisha, washa upya; kisha kagua. Usiifute nakala ya kwanza mpaka uwe na ya pili iliyokaguliwa. Neno ndipo katika sentensi hiyo linafanya kazi ya mihuri mitano ya Kwihara.

Tamati

Tembe la Kwihara limehifadhiwa, na mwalimu aliye Tabora aweza kuwapeleka wanafunzi wake huko kwa muda mfupi. Tungependa akiwapeleka awaeleze, pamoja na habari za wageni waliokaa humo, kwamba katika mahali hapo mtu aliyekuwa karibu kuingia katika hatari alitanguliza maandishi yake kwa njia nyingine, na kwamba Susi, Chuma na Wainwright waliyaleta yaliyosalia kwa orodha. Kutoka hapo hadi somo la seva ni hatua moja.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa mafundi wanaozitumia kila usiku na watumishi walio katika mikoa ya magharibi. Na wafasiri wenzetu tunawaomba, kabla ya kuurudisha mwongozo wowote, warudie kuzisoma saa zilizomo, moja moja, kwa sauti.